Jino, Bamba na Jina: Uhakiki wa Hoja na Istilahi katika Utambuzi wa Vipande vya Meno ya Visukuku vya Jamii ya Tembo Afrika Mashariki

Ikisiri

Meno ya tembo wa kale na jamaa zao ni miongoni mwa visukuku vinavyookotwa mara kwa mara katika maeneo ya utafiti wa chimbuko la binadamu Afrika Mashariki. Mengi huokotwa yakiwa vipande. Makala haya yanahakiki namna vipande hivyo vinavyopewa majina ya kisayansi. Hoja kuu ni kwamba jina ni dai, na dai hilo halipaswi kuzidi ushahidi uliohifadhiwa katika kipande chenyewe. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia sifa za meno ya makundi makuu, mjadala wa nususpishi za tembo wa Recki, na mzozo wa umri wa jivu la KBS huko Koobi Fora. Sambamba na hayo, makala yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kazi hiyo, hasa neno pembe, ambalo linaficha tofauti za msingi baina ya jino na pembe halisi. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza ngazi za utajaji zinazofungamana na kiasi cha ushahidi uliopo.

1.0 Utangulizi

Tembo hubadilisha magego yake kwa namna isiyofanana na ya mamalia wengi. Kila upande wa kila taya hupata magego sita katika maisha ya mnyama, jumla yake ikiwa 24, lakini hayaoti yote kwa pamoja. Gego jipya huchomoza nyuma na kusogea mbele taratibu, likichukua nafasi ya lile lililochakaa, ambalo humeguka kipande kwa kipande na kudondoka. Gego la sita linapokwisha, mnyama hawezi tena kutafuna ipasavyo, na maisha yake hufikia ukingoni. Utaratibu huu una matokeo mawili kwa mtafiti wa visukuku. Kwanza, tembo mmoja huacha nyuma yake meno mengi na vipande vingi zaidi vya meno. Pili, vipande hivyo havilingani: gego la kwanza la ndama hutoshea katika kiganja cha mtoto, ilhali la sita la mnyama mzima linaweza kufikia urefu wa sentimita 30.

Isitoshe, enameli inayofunika jino ndiyo tishu ngumu kuliko zote katika mwili wa mamalia. Fuvu huvunjika, mbavu huoza, lakini enameli hudumu. Ndiyo maana katika mabonde ya Olduvai, Laetoli na Manonga nchini Tanzania, na kuzunguka Ziwa Turkana nchini Kenya, kipande cha gego huweza kuwa ndicho ushahidi pekee kwamba mnyama wa jamii ya tembo aliwahi kupita mahali fulani. Kipande hicho kikishaokotwa hupewa namba, huandikiwa mahali kilipopatikana, kisha hupewa jina. Namba na mahali hubaki katika daftari la makumbusho. Jina ndilo linalosafiri: hutoka kwenye kibandiko likaingia katika orodha ya wanyama wa eneo hilo, orodha ikaingia katika jedwali la kulinganisha maeneo, na jedwali likawa msingi wa hoja kuhusu umri wa tabaka au mazingira ya binadamu wa kale. Anayesoma hoja hiyo ya mwisho kwa kawaida hana nafasi ya kukiona kipande kilichoizaa.

Katika taaluma za Kiswahili neno uhakiki limezoeleka zaidi katika uchambuzi wa kazi za fasihi. Hata hivyo, kuhakiki kwa maana yake ya msingi ni kupima jambo ili kujua haki yake, yaani ukweli wake. Kwa maana hiyo, kibandiko cha makumbusho nacho ni matini. Kina mtunzi, kina hadhira, na kina dai. Makala haya yanakisoma kibandiko hicho kama dai linalopaswa kupimwa.

2.0 Kipande kinaweza kusema nini

2.1 Sifa za makundi makuu

Jamii ya tembo, ambayo wanasayansi huiita oda ya Proboscidea, leo ina spishi tatu tu: tembo wa nyika wa Afrika, tembo wa msituni wa Afrika, na tembo wa Asia. Zamani ilikuwa na makundi mengi zaidi, na kila kundi lilikuwa na mtindo wake wa gego. Katika Afrika Mashariki makundi manne yanahitaji kutofautishwa.

La kwanza ni deinotheri. Magego yao yana matuta mawili au matatu makali yanayokatiza jino kutoka upande hadi upande, na mabonde yaliyo wazi kati yake. Matuta hayo yalikuwa ya kukata majani. Deinotheri hawakuwa na pembe katika taya la juu. Walikuwa nazo katika taya la chini, zikipinda kuelekea chini. Spishi moja ya kundi hili, Prodeinotherium hobleyi, ilielezwa kwa mara ya kwanza na Andrews mwaka 1911 kutokana na visukuku vya Karungu, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya.

La pili ni gomfotheri na jamaa zao. Magego yao yana nundu za mviringo, zenye enameli nene, zilizopangwa jozi kwa jozi. Nundu zinaposagika huacha alama inayofanana na jani lenye ncha tatu. Katika jenasi ya Anancus nundu za upande mmoja hazikabiliani sawasawa na za upande wa pili bali hupishana, na mpishano huo ni alama muhimu ya utambuzi. Anancus kenyensis, iliyoelezwa na MacInnes mwaka 1942, ni mfano unaojulikana sana katika kanda hii.

La tatu ni stegodoni, ambao magego yao yana matuta mengi yaliyo mafupi kwa kimo, mfano wa mapaa ya nyumba yaliyopangwa kwa safu. Stegodon kaisensis ilielezwa na Hopwood mwaka 1939 kutokana na visukuku vya Kaiso, Uganda.

La nne ni tembo wenyewe, yaani familia ya Elephantidae. Hapa tuta limerefuka kwenda juu na kubanwa hadi kuwa bamba. Kila bamba lina ganda la enameli na kiini cha dentini, na nafasi kati ya bamba na bamba imejazwa sementi. Gego likisagika, uso wake huonyesha mistari ya enameli iliyochomoza kama meno ya tupa. Katika Loxodonta, jenasi ya tembo wa Afrika, kila bamba lililosagika huwa na umbo la almasi. Jina lenyewe la jenasi linatokana na mshazari huo. Gego la mwisho la tembo wa Afrika kwa kawaida halizidi sana mabamba 14, ilhali la tembo wa Asia linaweza kuzidi 20.

2.2 Mitego ya kipande

Maelezo hayo yanahusu gego zima. Kipande hakina uhakika huo. Nundu moja ya gomfotheri iliyosagika inaweza kulinganishwa na gego la kiboko, kwa kuwa kiboko naye huacha alama ya jani lenye ncha tatu. Ganda jembamba la enameli bila umbo linaweza kuwa la kifaru, mpaka lichunguzwe kwa lenzi na kuonekana mistari midogo ya wima ambayo ni sifa ya enameli ya kifaru. Kipande cha tuta la stegodoni kinaweza kushindikana kutofautishwa na kipande cha bamba la tembo wa awali kabisa, mathalani Primelephas au Stegotetrabelodon wa Lothagam, kwa sababu tembo hao walikuwa bado na mabamba mafupi na enameli nene.

Historia ya taaluma yenyewe inaonya. Georges Cuvier, mwanaanatomia wa Ufaransa aliyeweka misingi ya utambuzi wa visukuku kwa meno, aliyaona magego ya deinotheri yenye matuta mawili na kuyahusisha na tapiri mkubwa mno. Hoja yake haikuwa ya kizembe, kwani gego la tapiri nalo lina matuta mawili ya kukatiza. Ilikuwa hoja sahihi kuhusu umbo na isiyo sahihi kuhusu undugu. Taya la chini lenye pembe lililopatikana Eppelsheim, Ujerumani, ndilo lililomwezesha Kaup kumtambulisha mnyama huyo kwa jina la Deinotherium mwaka 1829. Funzo linalopatikana hapa ni kwamba umbo la jino huonyesha kwanza namna mnyama alivyotafuna, na baada ya hapo tu, kwa msaada wa sifa nyingine, huonyesha ni nani.

3.0 Waliotambua kwa kiasi walichokijua

Mfano wa utambuzi uliokaa ndani ya mipaka ya ushahidi haukutoka katika makumbusho. Katika miaka ya 1720, mahali paitwapo Stono katika Carolina Kusini, yalichimbuliwa meno makubwa ya mnyama asiyejulikana katika nchi hiyo. Mark Catesby, mwanahistoria wa viumbe kutoka Uingereza, aliandika kwamba Waafrika walioyaona, watu waliopelekwa huko utumwani, walikubaliana wote kwamba ni magego ya tembo. Kabla ya hapo, katika koloni la New York, jino kubwa lililopatikana Claverack mwaka 1705 lilikuwa limemfanya mchungaji msomi Cotton Mather aamini kuwa ni masalia ya majitu yaliyoangamia katika Gharika.

Meno ya Stono sasa huchukuliwa kuwa ya mamothi, jamaa wa karibu wa tembo walio hai na mwenye magego ya mabamba kama wao. Kwa hiyo Waafrika wale walikuwa sahihi, na usahihi wao unastahili kuchambuliwa, si kusifiwa tu. Walikuwa wamewahi kuliona gego la tembo. Waliyalinganisha mabamba kwa mabamba, si ukubwa kwa ukubwa. Tena walisema tembo na wakaishia hapo; hawakudai ni tembo wa aina gani, wala wa zamani kiasi gani. Jino la Claverack, kinyume chake, lilipewa jina kwa kuangalia ukubwa wake na kwa kutafuta linapofaa katika simulizi iliyokwisha kukubalika. Tofauti ya utambuzi wa aina hizi mbili haiko katika kiwango cha elimu ya vitabu. Iko katika chanzo cha jina: je, limetoka katika jino, au limeletwa kwenye jino? Swali hilo ndilo linalotumika katika sehemu inayofuata kupima kazi za karne ya ishirini.

4.0 Tembo wa Recki: jina moja, majina matano

4.1 Historia fupi

Mwaka 1913 Hans Reck aliongoza uchimbaji katika bonde la Olduvai, wakati huo likiwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Visukuku alivyokusanya vilipelekwa Berlin, na Dietrich akayaeleza masalia ya tembo wa kale kwa jina la Reck, akimchukulia kuwa aina ya Elephas antiquus wa Ulaya. Baadaye akahesabiwa kuwa spishi kamili, Elephas recki. Watafiti wengi wa sasa wanamweka katika jenasi ya Palaeoloxodon. Katika mabadiliko yote hayo meno yaliyomo katika masanduku hayakubadilika. Kilichobadilika ni tafsiri ya undugu wao.

Kazi ya Vincent Maglio ya mwaka 1973 kuhusu chimbuko na mabadiliko ya familia ya tembo iliweka utaratibu wa vipimo ambao bado unafuatwa. Vipimo vinne ndivyo vikuu: idadi ya mabamba katika gego zima, idadi ya mabamba katika urefu wa sentimita 10, kimo cha bamba kikilinganishwa na upana wake, na unene wa enameli. Kwa vipimo hivyo Maglio aliugawa ukoo wa tembo wa Recki katika hatua nne zinazofuatana kwa wakati. Michel Beden, akiandika mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, alizifanya hatua hizo kuwa nususpishi tano: brumpti, shungurensis, atavus, ileretensis na recki. Mwelekeo wa jumla ulikuwa dhahiri: kadiri wakati ulivyosonga mbele, mabamba yaliongezeka na kurefuka, na enameli ikawa nyembamba zaidi.

4.2 Hoja dhidi ya kipande kimoja

Mwelekeo huo haukanushwi hapa. Beden alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa meno kutoka tabaka zilizopangika vizuri, hasa za bonde la Omo nchini Ethiopia. Kinachohakikiwa ni hatua iliyofuata, yaani kuchukua wastani uliopatikana kwa meno mengi na kuutumia kama kipimo cha kutajia kipande kimoja.

Vipimo vinne vilivyotajwa vikipitiwa kimoja kimoja, udhaifu wa hatua hiyo unajitokeza. Idadi ya mabamba katika gego zima haiwezi kujulikana kutokana na kipande. Hilo liko wazi kwa ufafanuzi. Kimo cha bamba kinahitaji bamba ambalo halijaanza kusagika, na vipande vingi ni vya meno yaliyokwisha kutumika. Hivyo vipimo viwili kati ya vinne huondoka mara tu jino linapovunjika. Viwili vinavyobaki havina uthabiti. Mabamba ya gego dogo husongamana kuliko ya gego kubwa la mnyama yule yule, kwa hiyo idadi ya mabamba katika sentimita 10 haina maana mpaka ijulikane kwanza kama gego ni la nne, la tano au la sita, jambo ambalo kipande mara nyingi hakisemi. Aidha, kwa kuwa gego limepinda, hesabu iliyochukuliwa karibu na mizizi huweza kutofautiana na iliyochukuliwa karibu na uso wa kutafunia. Unene wa enameli nao hubadilika ndani ya bamba moja, kutegemea kimo kinapopimwa. Anayekipima kipande hupata tarakimu halisi, lakini tarakimu hiyo haina mahali pa kusimama.

Hapa ndipo mzunguko wa hoja unapoanza. Kipimo kinapokuwa na utata, mwenye kutaja hushawishika kutazama umri wa tabaka: ikiwa tabaka ni la kipindi fulani, basi kipande kitakuwa cha nususpishi ya kipindi hicho. Jina likishaandikwa hivyo, msomaji wa pili hulitumia kama ushahidi wa umri wa tabaka. Tabaka limelitaja jino, na jino limelithibitisha tabaka, bila kitu kipya kuongezwa katikati. Kosa la aina hii halionekani katika orodha iliyochapishwa, kwa sababu orodha haisemi jina lilipatikanaje.

Uchambuzi upya wa Nancy Todd, uliochapishwa mwaka 2005, ulilipa suala hili uzito. Alibainisha kwamba nususpishi hizo zinaingiliana katika vipimo, katika wakati na katika mahali, kiasi kwamba mgawanyo wake hauungwi mkono na ushahidi wenyewe. Inaweza kujibiwa, na ni haki kujibu, kwamba kuingiliana ni jambo la kawaida katika ukoo unaobadilika polepole, na kwamba wastani wa kila kipindi bado unatofautiana. Jibu hilo ni sahihi kwa makusanyo. Kwa kipande kimoja halisaidii, maana kuingiliana ndiko hasa kunakofanya kipande kimoja kisiweze kuwekwa upande wowote. Kwa hiyo pande zote mbili za mjadala, zikifuatwa hadi mwisho, zinafika mahali pamoja: nususpishi, hata ikikubalika, haiwezi kuandikwa kwenye kibandiko cha kipande.

Ushahidi wa vinasaba umeongeza tahadhari nyingine. Mwaka 2017 Meyer na wenzake walichapisha matokeo ya DNA ya Palaeoloxodon antiquus wa Ulaya. Kinyume na matarajio yaliyotokana na mifupa na meno, mnyama huyo alionekana kuwa karibu zaidi na tembo wa msituni wa Afrika kuliko na tembo wa Asia. Ikiwa fuvu na magego kamili yaliweza kuelekeza undugu kusiko, kipande kinastahili kusemewa maneno machache zaidi.

5.0 Gharama ya jina

Inaweza kuulizwa kama suala hili lina uzito nje ya makabati ya makumbusho. Mifano miwili inatosha kujibu.

Wa kwanza ni jivu la volkano la KBS huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Vipimo vya awali vya miamba, vilivyofanywa na Fitch na Miller, vililipa jivu hilo umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aligundua vipande vya fuvu maarufu kwa namba 1470 katika tabaka zilizo chini ya jivu hilo. Kama jivu lina miaka milioni 2.6, basi fuvu lenye ubongo mkubwa kiasi kile ni la kale zaidi ya hapo, na simulizi nzima ya jenasi ya Homo ingepaswa kuandikwa upya. Wataalamu wa wanyama hawakuridhika. Cooke na Maglio walikuwa wamechapisha mwaka huo huo ulinganisho wa tabaka za Afrika Mashariki kwa kutumia nguruwe na jamii ya tembo, na meno ya nguruwe hasa yaliendelea kuonyesha kwamba tabaka za Koobi Fora zinalingana na tabaka za Omo zenye umri mdogo zaidi. White na Harris waliimarisha hoja hiyo mwaka 1977. Vipimo vipya vya jivu hatimaye vilitoa umri wa karibu miaka milioni 1.9. Meno yalikuwa yamesema kweli dhidi ya maabara.

Ushindi huo mara nyingine husimuliwa kana kwamba unahalalisha kila jino kuwa kalenda. Haufanyi hivyo. Ulipatikana kwa sababu meno yalikuwa mengi, yalikuwa yamekamilika vya kutosha, na yalilinganishwa na mfululizo wa Omo ambao umri wake ulijulikana kwa njia nyingine. Majina yalitoka katika meno kwanza, kisha yakapelekwa kwenye tabaka. Kama yangetajwa kwa kufuata umri uliotangazwa wa jivu, yasingeweza kamwe kuupinga. Nguvu ya jino kusahihisha mwamba inategemea uhuru wa jina lake.

Mfano wa pili ni chakula. Kaboni iliyomo katika enameli huhifadhi alama ya mimea aliyokula mnyama, na huwezesha kutofautisha nyasi za nchi za joto na majani ya miti. Cerling, Harris na Leakey walionyesha mwaka 1999 kwamba tembo wengi wa kale wa Afrika Mashariki walikuwa walaji wa nyasi, tofauti na tembo wa leo ambao hula zaidi majani ya miti na vichaka. Lister, mwaka 2013, alionyesha kwamba mabadiliko ya chakula yalitangulia mabadiliko makubwa ya umbo la meno kwa mamilioni ya miaka. Deinotheri, kwa upande wao, walibaki walaji wa majani mpaka mwisho wao. Sasa kichukuliwe kipande cha enameli ya deinotheri kilichoandikwa kimakosa kuwa cha tembo. Kikipimwa, kitatoa alama ya majani, na alama hiyo itaingia katika mchoro kama ushahidi kwamba baadhi ya tembo wa kipindi hicho hawakula nyasi. Maabara itakuwa haijakosea popote. Kibandiko ndicho kitakuwa kimeiongopea.

Mfano huo una upande wa faraja pia. Kipande kilichotajwa kwa uaminifu kuwa cha familia ya tembo tu, bila spishi, bado kinaweza kupimwa kaboni na kuchangia elimu. Kutotaja spishi si kukitupa kipande. Ni kukiacha kiseme kile kilichomo ndani yake.

6.0 Istilahi za Kiswahili: kikwazo na nyenzo

Mwanafunzi anayesoma elimu hii kwa Kiswahili hukutana na kikwazo mapema, katika neno pembe. Kiswahili hutumia neno hilo kwa ng'ombe, kwa kifaru na kwa tembo. Vitu hivyo vitatu ni tofauti kabisa. Pembe ya ng'ombe ni ganda la keratini, dutu ya kucha na nywele, lililovikwa mfupa. Pembe ya kifaru ni keratini bila mfupa ndani. Pembe ya tembo ni jino: ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka, na sehemu yake kubwa ni dentini. Tofauti hii si ya kinadharia kwa mchimbaji. Keratini huoza na ni nadra kuwa kisukuku, ilhali dentini hudumu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kifaru na tembo wote wana pembe anaweza kutarajia kuziokota zote mbili, na kukosekana kwa moja akakufasiri kuwa kukosekana kwa mnyama.

Si kwamba Kiswahili ni maskini katika eneo hili. Lugha iliyokuwa na buri kwa pembe kubwa na kalasha kwa pembe ndogo ilikuwa na mfumo makini wa kuainisha. Ila mfumo huo ulijengwa na wafanyabiashara kwa ajili ya mizani na bei, si kwa ajili ya kujua tishu. Neno pembe liendelee kutumika katika mazungumzo ya kawaida, lakini katika kibandiko na katika tasnifu inafaa kuandikwa jino la pembe. Nyongeza ya neno moja inarudisha kitu kwenye kundi lake. Inamkumbusha pia mtazamaji alama ya kutafuta: katika mkato wa jino la pembe la tembo huonekana mistari inayopishana kama wavu, na pembe za mpishano wa mistari hiyo karibu na ukingo wa nje ni finyu, chini ya digrii 90 kwa wastani, kwa mamothi, na pana, zaidi ya digrii 115, kwa tembo walio hai. Kipimo hicho hutumika hata leo kutenganisha pembe za kale na za wanyama waliouawa kwa ujangili.

Kwa magego, maneno yanayofaa yamo tayari katika lugha. Tuta, linalojulikana kwa kila mkulima, linaeleza mwinuko unaokatiza jino, na bonde linaeleza nafasi iliyo kati ya matuta. Nundu inaeleza mwinuko wa mviringo wa gomfotheri. Bamba linaeleza tuta lililobanwa na kurefuka. Faida ya maneno haya inazidi urahisi wa kukumbuka. Yanamlazimu mwandishi kusema alichokiona kabla ya kusema anachokiamini. Sentensi isemayo kwamba kipande kina mabamba mawili sambamba yenye sementi katikati inaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye kipande mkononi. Sentensi isemayo tu kwamba ni Palaeoloxodon recki haiwezi. Istilahi ya maelezo ndiyo mlango wa uhakiki; jina la Kilatini bila maelezo huufunga.

7.0 Hitimisho

Kutokana na hoja zilizotolewa, makala haya yanapendekeza ngazi za utajaji zinazofuata kiasi cha ushahidi. Kipande cha enameli nene na dentini kisicho na umbo, kilichokwisha kutenganishwa na kiboko na kifaru, kitajwe kwa oda tu. Kipande chenye umbo la tuta, nundu au bamba moja lililo wazi kitajwe kwa kundi au familia, na pale ambapo stegodoni na tembo wa awali hawatenganishiki, yaandikwe yote mawili. Kipande chenye mabamba au nundu zinazofuatana, zenye alama ya msagiko inayosomeka, kama umbo la almasi au mpishano wa nundu, kinaweza kufikia jenasi. Spishi itajwe kwa gego lililokamilika vya kutosha kujulikana nafasi yake kinywani na kupimwa vipimo vyote vikuu. Nususpishi, kama itatumika, iwe ya makusanyo, kamwe isiwe ya kipande. Na katika kila ngazi, umri wa tabaka usihesabiwe miongoni mwa sifa za jino.

Utaratibu huu utapunguza majina katika orodha. Baadhi ya maeneo yatabaki na tembo wachache kuliko yanavyoonekana kuwa nao sasa, na baadhi ya majedwali ya kulinganisha tabaka yatakuwa na nafasi tupu. Nafasi hizo ni taarifa. Zinamwonyesha mtafiti wa baadaye mahali pa kurudi kuchimba, na zinamwachia jino kamili litakalopatikana kesho uwezo wa kusema jambo ambalo halijakwisha kusemwa kwa niaba yake.